Kilo Sitini na Moja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, katika hospitali moja ya Njombe, muuguzi aliniambia nivue koti, sweta na viatu, nikapanda kwenye mizani. Ilisoma kilo mia moja ishirini na nane. Nilikuwa nimetoka Makambako alfajiri, kwa sababu kambi ya madaktari bingwa huwa na foleni ndefu na sikutaka kurudishwa nyumbani bila kuonwa. Daktari niliyemfuata alitoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kupasua watu wenye unene uliopitiliza na kuwapunguzia mfuko wa chakula.

Sikwenda pale kwa kubahatisha. Nina miaka arobaini na minane na duka la pembejeo. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini dawa za mimea zimenizoesha kusoma kila kilichoandikwa kwenye kopo kabla sijalifungua. Habari za upasuaji huu nilizisoma hivyo hivyo, polepole, kwa zaidi ya mwaka. Mara mbili nilikuwa nimejinyima chakula nikapungua, na mara mbili uzito ulirudi na nyongeza. Sukari ilikuwa imepanda. Magoti yalifika mahali ambapo kushusha mfuko wa mbolea rafuni ilibidi nimwite mteja mwenyewe anisaidie. Mimi na mume wangu tulikubaliana kuuza sehemu ya shamba la miti ili tulipie. Kilichobaki ni daktari kuniandika kwenye orodha yake.

Alinipima urefu: sentimita mia moja sitini na mbili. Akasoma majibu ya damu, akauliza maswali mengi ya kawaida, kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nimelisubiri.

"Mama, unataka ufike kilo ngapi?"

"Sitini na moja," nikasema.

Hakucheka. Aliuliza namba hiyo nimeitoa wapi. Nikamweleza kwamba nina ushahidi wa aina mbili. Kwanza, ukichukua urefu wangu ukatoa mia moja, unabaki na sitini na mbili. Pili, nikiwa na miaka ishirini na mmoja nilipimwa nikawa na sitini na moja kamili. Hesabu na kumbukumbu zilikuwa zinakubaliana, na kwangu mambo mawili yakikubaliana huwa naona kazi imekwisha.

Daktari akasema hesabu ya kutoa mia ni ya kukisia tu, haijui mtu ana mifupa gani wala amezaa mara ngapi. Alieleza kwamba upasuaji huondoa sehemu nzuri ya uzito uliozidi, lakini ni wachache wanaouondoa wote. Kwa mwili wangu, umri wangu na sukari yangu, angefurahi akiniona kwenye themanini na kitu, karibu na tisini. Nilimwambia sikuuza miti ili niendelee kuwa mnene. Hapo akaweka kalamu chini.

"Wanaonipa shida si wanaopungua kidogo," alisema. "Ni wanaopungua kilo arobaini wakadhani wameshindwa. Wanaona aibu, wanaacha kuja kliniki, wanaacha vidonge vya vitamini, wanarudia kula kama zamani. Wewe ukishikilia sitini na moja, nitakuwa nimekupasua ili ukate tamaa."

Akasema yupo hadi Ijumaa. Nirudi siku hiyo na namba ninayoweza kuitetea, la sivyo jina langu litasubiri kambi nyingine, na hakuna aliyejua itakuja lini.

Nilitoka nimekasirika. Nyumbani Makambako, ukutani chumbani kwangu, yalining'inia magauni mawili ya kitenge ya saizi ya kilo sitini na moja. Nilikuwa nimeyaandaa kwa utaratibu wangu. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, mteja wangu, ambaye urefu wake ni kama wangu. Nilimwomba apande kwenye mizani ya dukani, akasoma sitini na moja na nusu, nikampeleka kwa fundi akapimwe badala yangu. Yeye aliona ni kichekesho. Mimi nililala na kuamka nikiyatazama magauni yale ili nisilegee.

Kabla ya kurudi Makambako nilipitia kwa dada yangu mkubwa, anayeishi Njombe mjini. Nilimkuta akimenya viazi kando ya jiko la mkaa. Tulisalimiana kwa Kibena kama kawaida yetu, nikakaa, nikamsimulia yote, nikitegemea atamlaumu daktari pamoja nami. Yeye aliendelea kumenya.

"Sitini na moja si utakuwa fito, mdogo wangu. Watu wataanza kuulizana unaumwa nini."

"Ndivyo nilivyokuwa, dada. Nilipimwa."

"Ulipimwa wapi?"

Nikamkumbusha. Kijijini kwetu, upande wa Kidugala, mnunuzi wa mahindi alikuwa anafunga mizani yake ya kuning'iniza kwenye tawi la mkaratusi. Magunia yakiisha, vijana tulikuwa na mchezo wetu: kila mmoja anashika ndoano, anakunja miguu, na wenzake wanasoma. Namba uliyosoma ndiyo waliyokuita hadi msimu mwingine. Mimi msimu ule niliitwa Sitini na Moja.

Dada aliacha kisu. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie sentensi. Kisha akaanza kucheka, polepole, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mizani ya yule mnunuzi? Iliyokuwa na njaa kuliko sisi sote?"

Nilijua habari hiyo, kila mtu kijijini aliijua. Baba alikuwa amelalamika miaka mingi, mpaka siku moja akachukua gunia ambalo mnunuzi alilisoma kilo themanini, akalipakia kwenye lori hadi Makambako, akalipima kwenye mizani nyingine. Likasoma mia. Hadithi hiyo tuliisikia kila mavuno. Lakini nilikuwa nimeihifadhi upande wa mahindi, na kilo zangu upande mwingine, na kwa miaka ishirini na saba sikuwahi kuzikutanisha.

Nilifanya hesabu pale pale. Kilo themanini zilizosomwa zilikuwa mia, maana yake kwa kila kilo nne zilizoonekana, moja ilikuwa imefichwa. Robo ya sitini na moja ni kumi na tano na ushei. Msichana aliyening'inia kwenye mkaratusi ule alikuwa na kilo sabini na sita.

"Na hukuwa mnene," dada alisema. "Ulikuwa unabeba debe kichwani na ndoo mkononi."

Ukutani kwake ipo picha ya harusi yake, nami nimesimama kando yake nikiwa msimamizi, mwaka ule ule. Niliishusha nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nilitazama mabega na mikono. Yule msichana asingeingia kwenye magauni yangu ya kitenge hata kama wawili tungeyavuta. Nilikuwa nauza miti ili niwe mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Jumatano na Alhamisi nilifungua duka kama kawaida, na katikati ya wateja nilipima jambo moja tu: ninachotaka kufanya, na kinahitaji uzito gani. Nataka kushusha mfuko wa mbolea mwenyewe. Nataka kupiga magoti kanisani na kuinuka bila kushika benchi. Nataka sukari ishuke. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji sitini na moja.

Ijumaa nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Daktari aliuliza namba, nikasema themanini na nane. Akauliza sababu, nikamweleza habari ya mizani, na kwamba yule msichana wa sabini na sita nimemwongezea kumi na mbili kwa ajili ya umri na sukari. Safari hii alicheka, kisha akawa mkali tena.

"Na ukiishia tisini na mbili?"

"Nitakuwa nimepungua thelathini na sita," nikasema. "Nitakuja kliniki na kumeza vidonge vyangu, nikiwa na tisini na mbili."

Aliandika jina langu na kunieleza vipimo vilivyobaki kabla ya safari ya Dar es Salaam.

Jioni ile, nyumbani Makambako, niliyashusha magauni nikayakunja. Jumamosi mwalimu alipokuja kununua mbegu nilimwambia ayajaribu chumba cha nyuma. Yalimkaa kama yalivyopaswa, maana vipimo vilikuwa vyake tangu mwanzo. Vitenge na ufundi vilinigharimu shilingi laki moja na elfu kumi na nane. Yeye alikuwa na elfu sabini, nikaipokea. Hasara yangu kwa kilo sitini na moja ni shilingi elfu arobaini na nane.