Kasha Lisilo na Mtumaji

Kasha lilikuwa la kaki, halina nembo wala maandishi, isipokuwa anwani ya anayepokea. Mleta vifurushi alisimama nalo langoni, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mkutubi?"

"Marahaba. Nilikuwa, sasa nimestaafu. Limetoka kwa nani?"

"Hapo sina jibu. Haya maduka ya vitu ghali ya mtandaoni, mteja akitaka, wanafunga hivi. Jina la duka hakuna, mtumaji hakuna. Wezi wasitamani, majirani wasiulize."

"Majirani hawaulizi," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa amekwisha kufika na kandambili zake. "Mimi ndiye nauliza. Ni nini hicho?"

Sebuleni, chini ya picha ya marehemu, wifi alikata utepe kwa kisu cha jikoni. Ndani ya kasha la kaki mlikuwa na kasha jeusi, ndani yake mfuko wa hariri, na ndani ya mfuko viatu vya ngozi ya kahawia, laini hata wifi akarudisha mkono haraka kama aliyegusa mali ya watu.

"Wifi, hivi havinunuliwi kwa pensheni. Nani huyo?"

"Sijui."

"Hujui! Mwanamume anakununulia viatu, kaka yangu anatutazama hapo ukutani, nawe hujui!"

Mkutubi alihisi uso unamwaka moto. Maisha yake yote hakuwapa watu la kusema. Hata siku mwanawe wa pekee alipofukuzwa, kwa kumwoa mwanamke ambaye baba yake hakumtaka, madirisha yalifungwa kwanza. Tangu hapo baba mtu alikataza jina la kijana lisitajwe nyumbani, na yeye, hata baada ya kumzika mumewe, alilitunza katazo lile kama alivyoitunza miwani yake.

"Na tazama!" Wifi aligeuza soli. "Cha kushoto thelathini na nane, cha kulia thelathini na tisa. Bei yote hiyo, na hesabu hawajui! Afadhali. Vinarudi."

Akampigia simu mleta vifurushi, naye akaahidi kupitia mchana. Mkutubi alivichukua viatu, akisema anakwenda kuvirudisha mfukoni vizuri, akafunga mlango wa chumba.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Cha kushoto kikaingia. Cha kulia nacho kikaingia, wala hakikubana.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto tangu azaliwe, aibu ndogo ambayo hakumwambia hata mumewe. Siku zote alinunua viatu vya kuutosha ule mkubwa, na cha kushoto akakijaza pamba. Ni mtoto mmoja tu aliyewahi kulijua hilo. Kila asubuhi, kabla ya shule, alipiga magoti mlangoni akaisokota pamba ile kwa vidole vyake vidogo. "Mguu mdogo umepata godoro lake, mama. Twende."

Hakuna aliyekosea hesabu. Mtu alinunua jozi mbili ili apate hii moja.

Pikipiki ilipolia langoni, wifi aliita, "Lete basi viatu, mtu wa watu anangoja!"

Mkutubi alitoka chumbani amevivaa, visigino vikigonga sakafu.

"Umevivaa! Watu watasema nini?"

"Waambie mwanangu amenunulia mama yake viatu."

Neno hilo lilikuwa halijasikika sebuleni pale kwa miaka. Wifi alitazama picha ukutani, kisha miguu.

"Nani kakuambia ni yeye? Kasha halina jina."

"Vyote viwili vimenitosha."

Wifi aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu cha kulia kwa kidole gumba, kisha ya cha kushoto. Akabaki ameinama vile vile.

"Kaka yangu alikuwa anajua?"

"Hapana."

"Na mtoto akajua," alisema wifi taratibu. Akatoka kumwambia mleta vifurushi kwamba hakuna kinachorudi.

Mkutubi alimfuata, akamwuliza kijana wa pikipiki, "Mwanangu, nikitaka kumjibu aliyetuma?"

"Hata sisi hatuonyeshwi, mama. Samahani."

Akawasha pikipiki, akaenda zake. Mkutubi alitembea mpaka kona, pale barabara inapoonekana mpaka kituo cha basi, njia ile ile aliyopita mwanawe na begi lake. Alisimama mpaka miguu ikachoka, akarudi polepole. Mapazia ya majirani yalisogea, aliyaacha yasogee. Mahali fulani, chini ya kitanda asichokijua, kulikuwa na jozi ya pili, kikubwa cha kushoto na kidogo cha kulia, isiyomfaa mtu yeyote duniani. Aliomba tu mwanawe asiwe ameitupa, aione kila asubuhi anapoinama kutafuta viatu vyake.