Barafu ya Mama na Chungu Changu

Mama anauza samaki kwenye ufuo wa ziwa wa Kisegi, na barafu anaijua kama wengine wanavyojua chumvi. Akishika kipande mkononi anajua kama kimetoka mbali au karibu. Anajua kwamba mbuta aliyevuliwa alfajiri atafika mjini jioni macho yake bado yakiwa angavu, mradi barafu imepondwa vizuri na kupangwa chini, kati na juu. Kwa hiyo sista wa kliniki alipotuambia kwamba dawa yangu lazima ikae mahali pa baridi, Mama hakuuliza baridi ya namna gani. Alicheka.

"Sista, baridi ndiyo kazi yangu."

Nina kisukari kile kinachowashika watoto, ambacho mwili huacha kabisa kutengeneza insulini. Kilinipata nikiwa bado shule ya msingi. Tangu wakati huo, hata baada ya kumaliza darasa la nane, dawa yangu ilikaa kwenye friji ya zahanati. Asubuhi nilikwenda kudungwa sindano, jioni nikarudi kudungwa tena. Zahanati ikichelewa kufunguliwa, nami nilichelewa kula. Nikialikwa mahali pa mbali, sikwenda. Ugali wangu ulipimwa kwa kikombe, nikala peke yangu huku wengine wakimega pamoja. Watoto wa jirani waliniita "mtoto wa zahanati". Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Halafu kliniki kubwa ya Homa Bay ikaanza utaratibu mpya kwa vijana wenye ugonjwa huu. Walitukusanya, wakatufundisha kujidunga wenyewe kabla ya kila mlo na kupima sukari kwa tone la damu ya kidole kwenye kimashine kidogo. Walisema kuanzia sasa dawa itafuata chakula, si chakula kifuate dawa. Ukila ugali mwingi unaongeza, ukila kidogo unapunguza. Niliyasikiliza maneno hayo kama mbuzi anayefunguliwa kamba.

Nilikuwa na sababu yangu. Mjini Migori kuna mama Mwislamu aliyehamia kutoka Mombasa. Ana duka la vitambaa, na nyuma ya duka kuna vyerehani. Aliona blauzi niliyomshonea shangazi yangu kwa mkono, akaishika pindo, akaigeuza ndani nje, akasema niende nijifunze kazi kwake. Ningelala kwa shangazi, anayeishi huko huko mjini. Nafasi angeniwekea mpaka karibu na kufunguliwa kwa shule, maana msimu wa sare ndipo anapohitaji mikono. Baada ya hapo angemchukua mtu mwingine.

Mama alikuwa amekataa. "Na sindano nani atakudunga huko? Cherehani?"

Sasa jibu lilikuwepo: nitajidunga mwenyewe. Kilichobaki ni dawa kukaa vizuri bila friji. Nyumbani kwetu umeme haujafika. Kwa shangazi umeme upo, lakini friji hana.

Tuliporudi kutoka kliniki, Mama alichukua kichupa changu, akakifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akakizika katikati ya kasha lake la barafu, pale anapolaza mbuta wakubwa wa wateja wa hoteli.

"Hapo hata jua likiingia, litatoka likitetemeka," alisema.

Jioni kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe. Nilikibana kwapani mpaka kikayeyuka, nikavuta dawa, nikajidunga, nikakirudisha kwenye barafu. Tulifanya hivyo siku baada ya siku. Kiu ikaanza. Nilikunywa maji, nikaenda chooni, nikarudi kwenye mtungi. Kimashine kikaonyesha namba za juu.

"Ongeza dawa," Mama alisema. Nikaongeza. Naye akaongeza barafu.

Baadaye kimashine kikaacha kutoa namba, kikaonyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Pumzi yangu ikanuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilipoanza kutapika, Mama aliacha samaki wake sokoni kwa jirani, akanibana kati yake na mwendesha bodaboda kama gunia, tukaenda hospitali yenye ile kliniki.

Nilipopata fahamu vizuri, yule sista wa kliniki alikuwa ameinua kichupa changu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vyeupe vikielea.

"Mama, hii iliganda?"

"Iliganda vizuri sana," Mama alijibu. Alifikiri anasifiwa.

Sista alivuta kiti akakaa. "Insulini si kama samaki, mama. Samaki akiganda amepona. Hii ikiganda imekufa, na hata ikiyeyuka haifufuki. Mtoto amekuwa akijidunga maji tu." Kisha akasema kosa lilikuwa la kliniki pia, kwa sababu walisema baridi na hawakusema kiasi gani.

Mama hakusikia sehemu hiyo ya mwisho. "Basi," alisema. "Utarudi kudungwa zahanati. Mambo ya Migori yameisha."

Nilijua kilichoharibu ni barafu. Lakini kumwambia kwamba ni barafu ilikuwa sawa na kumwambia kwamba ni yeye, na maneno hayo sikuwa nayo. Nililala pale nikaamua kwamba nitamwonyesha.

Mama alipotoka kununua uji, nilimuuliza sista kwa sauti ndogo watu wasio na friji wanafanya nini. Alinieleza habari ya vyungu. Kikubwa na kidogo, vya udongo mtupu. Kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unamwagilia mchanga asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kilicholowa, unaweka kivulini penye upepo. Kichupa ninachotumia kingekaa humo, vingine vibaki kwenye friji ya zahanati. Alinipa kipimajoto kidogo na tarehe ya kurudi, kabla shule hazijafunguliwa. "Namba zikiwa nzuri, nitazungumza na mama yako mimi mwenyewe," alisema.

Nilianza vibaya. Nilinunua sokoni vyungu vizuri vilivyopakwa rangi ya mafuta, vyenye maua mekundu. Nikajaza mchanga, nikamwagilia, nikangoja. Ndani palibaki na joto lile lile la nje. Jirani yetu mmoja, mama anayefinyanga vyungu, alipita akaviona, akashika kiuno.

"Yawa! Nyara, hivi ni vya kuweka sebuleni wageni waone," alisema. Nyara kwa Kijaluo maana yake ni "binti yangu". Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Umeziba pumzi yake na rangi. Chungu lazima kitoke jasho. Wewe ukipakwa rangi mwili mzima utapoa?"

Alinipa vyake viwili visivyo na rangi. Kile kikubwa kilikuwa kimemeguka ukingo. "Huyu ameumwa mdomo," alisema, "lakini anapumua."

Niliviweka nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, pale upepo wa ziwa unapopita mchana. Kufika saa sita, ukuta wa nje ulikuwa na unyevu, na ndani palikuwa baridi kama maji ya mtungi. Niliingiza kichupa kipya. Mama alisimama mlangoni akitazama.

"Dawa ya hospitali ndani ya mchanga," alisema. "Kama viazi."

"Nijaribu tu mpaka siku ya kliniki, Mama."

"Jaribu. Ukitapika mara moja tu, nakivunja hicho chungu."

Nilijaribu. Kabla ya kila mlo nilipima, nikajidunga, nikala. Namba zilianza kushuka, kisha zikatulia. Nilikula pamoja na wengine kutoka sahani moja, nikawa nakadiria matonge yangu kwa macho. Nilifanya makosa. Kulipokuwa na matanga kwa jirani nilijidunga nilipoona sufuria zikiepuliwa, nikasahau kwamba kwenye matanga kuna maombi kwanza, kisha hotuba za ukoo, kisha wageni wa mbali ndio wanaotangulia kula. Sukari ikashuka mno, miguu ikalegea, jasho likanitoka. Nilikunywa soda iliyokuwa karibu bila kuuliza ni ya nani. Tangu hapo, penye watu wengi najidunga nikishaiona sahani mbele yangu.

Jambo lililonisumbua lilikuwa kipimajoto. Siku nyingine kilisoma baridi kuliko inavyowezekana kwa chungu. Nilibadilisha kitambaa, nikasogeza vyungu, sikuelewa. Mpaka asubuhi moja nilipoinua kifuniko nikakuta kichupa kimeegemea kipande cha barafu kinachomalizika kuyeyuka. Na kwenye ile barafu kulikuwa na gamba la samaki.

Mama alikuwa mbele ya nyumba akifunga leso tayari kwenda sokoni. Nilitembea mpaka pale nikiwa na gamba kwenye kidole.

"Mama."

"Nini? Lori la samaki linafika."

"Kuna gamba la mbuta kwenye chungu changu."

Aliendelea kufunga leso. "Labda ni paka."

"Paka habebi barafu, Mama."

Mikono yake ikatulia. "Ni kidogo tu," alisema. "Jua lenyewe unaliona. Nakaa pale sokoni, samaki wangu wamelala kwenye barafu, na dawa ya mtoto wangu iko kwa udongo. Nitauza aje?"

Hapo kwa kawaida ningenyamaza, na jibu lingenijia baadaye, wakati ameshaondoka. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na kama barafu ile ingegusa kichupa usiku mmoja zaidi, kila kitu kingerudi hospitalini. Nilisema nikiwa natazama miguu yake.

"Baridi yako si mbaya. Ni nyingi. Dawa yangu haitaki baridi ya samaki, inataka baridi ya maji ya kunywa. Ukiweka barafu tena, itakufa kama ile ya kwanza, na mimi..." Sikumaliza. "Njoo uweke mkono."

"Lori..."

"Lori litangoja. Weka mkono."

Sijawahi kumwamuru Mama. Alinitazama kana kwamba mtu mwingine amesema kupitia mdomo wangu, kisha akanifuata nyuma ya nyumba. Nilitoa kile kipande cha barafu nikakitupa kwenye majani. Alikunja mkono wa gauni, akaingiza mkono ndani ya chungu, akauacha humo muda mrefu, macho yakiwa yamefungwa, kama anavyofanya anapopima barafu ya mtu asiyemwamini.

"Ni kama mtungi wa mamangu," alisema hatimaye. "Na mchana inakaa hivi hivi?"

"Mchana ndio inafanya kazi zaidi. Upepo ukivuma, chungu kinatoka jasho."

Alitoa mkono, akaunusa. "Sasa mimi kazi yangu ni gani?"

"Mimi nikienda kuchota maji jioni, mwagilia mchanga. Maji, Mama. Si barafu."

"Unaniamuru kwa boma yangu, yawa!" alisema, lakini alikuwa anacheka, na jioni ile nilimkuta ameinama na kikombe, akimwagilia pole pole kuzunguka ukingo, kama mtu anayenyunyizia mche wa sukumawiki. Kichupa kile sikukiamini tena. Nilikipeleka zahanati nikabadilishiwa.

Siku ya kliniki sista alibonyeza kimashine changu akasoma namba moja baada ya nyingine. Mama alikaa wima kama yuko kanisani. Kwenye namba moja ya chini sana sista alisimama.

"Hapa kulitokea nini?"

Mama alifungua mdomo anijibie. Nilimtangulia. Nikaeleza habari ya matanga, maombi, hotuba na soda ya mtu, na ninavyofanya sasa. Sista alicheka mpaka akaweka kimashine chini. Alisema namba si nzuri zote, lakini ni za mtu anayejua anachofanya. Kisha akamgeukia Mama kuzungumza habari ya Migori, kama alivyoahidi.

Mama hakumngoja amalize. "Jua la Migori likoje, sista?"

"Ni hili hili, mama."

"Na mchanga?"

"Mchanga wowote safi."

"Huo wa huko siujui," Mama alisema. "Tutabeba wetu."

Na kweli tuliubeba, gunia dogo la mchanga wa ufuo wa Kisegi, ulioshwa na kuanikwa. Sasa vyungu vyangu vinakaa dukani chini ya meza ya kukatia vitambaa, karibu na mlango wa nyuma ambako hewa inapita, na jioni navipeleka kwa shangazi kwa mkokoteni wa jirani. Msimu wa sare ulikuwa mgumu. Nilishona kola mpaka nikaziota. Saa ya chakula nilikwenda pembeni, nikapima, nikajidunga, nikarudi kula na wengine. Mwanzoni wateja waliona chungu kilicholowa wakadhani ni cha maji ya kunywa. Mmoja alikuwa ameshashika kikombe, bibi mwenye duka akamwita kwa sauti ya Kimombasa iliyojaa duka zima.

"Hebu weka kikombe chini, dada yangu. Humo hamna maji. Humo ndimo anamokaa fundi wangu."

Watu walicheka, nami nikainamia cherehani. Lakini neno fundi nililisikia.

Shule zilipokuwa zimeshafunguliwa, Mama alikuja kuniona. Alileta mbuta kwa shangazi na kwa bibi mwenye duka, ndani ya kasha la barafu. Alilishusha nje, upande wa pili wa mlango, akasimama akilipima kwa macho, kisha akalisukuma kwa mguu lisogee mbali zaidi na chungu. Baada ya hapo akaingia, akasalimia, akapiga magoti chini ya meza na kutumbukiza mkono.

"Mchanga umekauka upande huu," alisema. "Nipe maji."