Pikipiki ya Papa na Furushi la Tate

Enzi zetu pale Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hatukuhitaji kuchungulia nje ili kujua nani anapita. Kila chombo kilikuwa na kikohozi chake. Baiskeli ya muuza samaki wa ziwani ililia kama kifaranga aliyepotea, na lori la mahindi lilitangulizwa na mtikisiko wa vikombe kabatini. Tulilala tumbo wazi juu ya mkeka, vidole vikinuka sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, tukishindana kutaja mwenye chombo kabla hajatokea kwenye kona. Aliyeshindwa alichota maji. Mimi nilichota maji mara nyingi kuliko wote, na pengine ndiyo maana hadi leo napenda kusikiliza.

Lakini kikohozi cha pikipiki ya Papa hakikuhitaji mashindano.

Aliipata Mbarara, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akaibadilisha na beberu wetu pamoja na redio. Ilifika kituo cha Rwekubo juu ya paa la basi dogo, imelazwa kati ya magodoro, na kutoka pale Papa akaisukuma hadi nyumbani huku akitabasamu kama bwana harusi. Tulikimbia kuipokea. Tukasimama. Haikuwa na kiti.

“Papa, kiti imeanguka njiani?” nikamuuliza.

“Hapana, Riziki. Hii iliundwa hivi.”

Akatueleza kuwa ni pikipiki ya mashindano ya Wazungu, yale ambayo mtu hashindani kwa mbio bali kwa kupanda mawe na magogo polepole, akiwa amesimama, bila kugusa chini kwa mguu. Tangi lake lilikuwa dogo kama kibuyu cha maziwa. Mama aliizunguka mara moja, mikono kiunoni, akasema, “Batu bananunua pikipiki ya kukaa. Weye umenunua ya kusimama.” Kisha akaenda kutazama kamba aliyokuwa akifungiwa beberu.

Papa alikuwa na mpango wake. Njia za kwenda mashambani zilikuwa mawe na makorongo, na bodaboda za kawaida zilikwama. Hii ingepita kila mahali. Basi jioni ile, jua likiwa bado juu ya ziwa, akaipiga kiki mbele ya uwanja uliojaa majirani.

Ikalia PAA!

Nataka wasomaji wa rika langu, mliokulia kule, mnisaidie kukumbuka jinsi wazazi wetu walivyolala chini. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeuliza. Walishuka wote kwa pamoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo mmoja, kila mama na mtoto wake chini ya kifua. Sisi watoto tulidhani ni mchezo, tukalala pia, tukicheka na vumbi puani. Papa peke yake alibaki amesimama, ameshika usukani, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Kicheko kilianza kwa Mama Noela, jirani yetu, alipogundua kwamba amelala juu ya nyanya zake za kuuza. “Yesu wangu! Mimi nimejiuwa mwenyewe!” akasema, akitazama gauni lake lililolowa wekundu wa nyanya. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Aliyekosa kucheka ni Tate. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Papa. Wakati sisi tumelala chini, yeye alikuwa ameshatoka mlango wa nyuma na furushi lake kichwani, ameshavuka mahindi, anaelekea ziwani. Mama alimkuta kwenye mpaka wa shamba.

“Wamefika fasi gani?” Tate alimuuliza, yaani wenye bunduki wamefika wapi.

Furushi lile tulilijua. Alikuja nalo alipokimbia vita Kivu ya Kusini, limefungwa kwa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, na miaka yote ile hakulifungua. Lilikaa nyuma ya mlango. Ukifagia, unalinyanyua, unalirudisha palepale. Baada ya mlio ule, halikurudi tena nyuma ya mlango. Alikula nalo mapajani. Alikwenda nalo chooni. Siku ya tatu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba Jumatatu atahamia Rubondo kwa mtoto wa ndugu yake, kwa sababu nyumba yenye bunduki si ya kulala mtu mzee.

Tate akiondoka, nani angetuchomea mahindi? Nani angetusimulia habari za sungura huku akituchana nywele katikati ya magoti yake mawili? Nililia. Papa hakulia, ila aliacha kula, na kwetu hilo lilikuwa kubwa zaidi.

Cheyamani, mwenyekiti wa kijiji, Mnyankole mrefu mwenye kofia ya jeshi, naye akaja. “Wewe sebo,” akamwita Papa kwa heshima, “hii piki yako iko sumbua watu. Kama Sande bado iko lia namna hii, itaenda kwa skrepu. Mimi nimemaliza.” Mama akamletea chai ya kumshukuru.

Papa akakimbilia kwa Fundi Nestori, Mrundi wa jirani, mtu mwembamba aliyependa kuzungumza na vyuma kuliko watu. Nestori alipiga magoti, akanusa tangi, akaingiza kidole ndani ya sailensa ya bomba la moshi, akakitoa kikiwa cheusi.

“Ewe Papa Riziki, hii pikipiki si mbaya. Iko na njaa tu. Tangi imejaa kutu, mafuta haifiki vizuri kwa injini, basi inakohoa. Na sailensa imekwisha ndani, ni bomba tupu. Kikohozi kinatoka vile kilivyo.”

“Unaweza kutengeneza mbele ya Jumapili?”

“Mimi naweza. Lakini nahitaji batoto na mawe.”

Watoto tulikuwepo tele. Nestori alilishusha tangi, akamwaga mafuta, akatutuma ziwani kuokota vijiwe vidogo. Akavitia ndani pamoja na majivu na maji, akaziba mdomo kwa kitambaa, akatukabidhi. “Tikiseni mpaka niseme.” Tukatikisa. Shaka-shaka, shaka-shaka. Haikupita muda tukagundua tumepewa kayamba! Noela, rafiki yangu wa chanda na pete, akaanzisha wimbo wa kwaya ya watoto, wengine wakapiga makofi, wengine wakacheza nzango, ule mchezo wa kurushiana miguu. Tulipokezana siku mbili, tangu tunapotoka shule hadi wakati wa bugali. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama udongo wa Nakivale. Ya pili kama chai. Ya mwisho ungeweza kunawia uso, na Noela alinawa kweli.

Kulikuwa na tundu moja chini, ambalo mwenye pikipiki wa zamani alikuwa ameliziba kwa sabuni ya mche. Nestori aliligeuza tangi, akalijaza maji hadi karibu na tundu, ndipo akaweka chuma chake cha kulehemu mkaani. Tuliuliza kwa nini anachoma kitu chenye maji.

“Petroli ni kama jirani mchongezi,” akasema. “Unafikiri ameondoka, kumbe yuko nyuma ya mlango. Nikiacha nafasi, atasikia moto na atajibu.”

Akalilehemu taratibu, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo, na risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ikatandazika juu ya tundu iking’aa kama samli.

Kazi ya sailensa ndiyo iliyotuletea aibu. Nestori aliipasua, akatuonyesha bomba la ndani lenye vitundu vingi. “Hapa panavikwa shuka,” akasema. Shuka lenyewe ni zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo sote tuliziita stili wulu, na maduka ya Misiera wiki ile hayakuwa nazo. Akatikisa kichwa. Sisi tukatazamana. Hakutuma mtu; lazima niseme hivyo kwa heshima yake. Lakini ilikuwa Jumamosi asubuhi, wamama wako kisimani, na jikoni zote za Misiera zilikuwa wazi. Tulirudi na magauni yamejaa. Nyuzi mpya, nyuzi nusu, nyuzi zenye ukoko wa bugali. Nestori alizitazama, akatutazama, akaanza kulivika bomba.

Mchana ule kijiji kizima kilitafuta. Jumamosi ni siku ya kung’arisha sufuria kwa ajili ya Jumapili, na sufuria hazikung’aa.

“Fasi gani iko stili wulu yangu?” Mama Noela aliuliza.

“Iko ndani ya pikipiki, Mama,” Noela akajibu kwa unyenyekevu mkubwa.

“Kwanza nyanya, sasa hii! Ile pikipiki ikioa, mimi ndiye mama mukwe yake.”

Jumapili baada ya ibada watu walijaa uwanjani kwetu. Cheyamani alikuja na kofia yake. Tate alikaa kwenye kigoda hatua chache mbele ya mlango, mgongo kwa nyumba, furushi mapajani, mikono miwili juu yake, macho mbele. Vitu vyake vingine vilikuwa vimeshafungwa kwa safari ya kesho. Nestori akanong’ona na Papa, na Papa akaisukuma pikipiki hadi nyuma ya nyumba. Noela alinishika mkono. Nilisali sala zote nilizozijua, hata ile ya kabla ya chakula.

Tukasikia kiki. Kisha kitu kama chungu cha maharage kinachotokota kwa moto mdogo. Tu-tu-tu-tu. Papa akatokeza kwenye kona akiwa amesimama juu ya pikipiki, akaenda polepole kama walivyoiundia, akapita nyuma ya Tate, akazunguka nyumba, akapita tena. Mara ya tatu akasimama hatua mbili nyuma ya mgongo wake, injini ikitokota.

Tate akapiga mwayo. “Papa Riziki,” akaita kuelekea barabarani, “utaipiga saa ngapi? Nimechoka kungoja.”

Cheyamani akamnong’oneza Mama, “Huyu muzee iko sikia?”

Mama, kutoka jikoni, akasema kwa sauti ndogo kabisa, “Sombe inaungua.”

“Basi toa moto, unangoja nini?” Tate akajibu.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Tate akageuka, akaiona pikipiki ikitetemeka nyuma yake, na mwanawe juu yake akitokwa na jasho. Hakukimbia. Aliinuka, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale, kama anavyopima homa ya mtoto. Kisha akaichunguza kutoka mbele hadi nyuma.

“Na kiti iko fasi gani?”

“Haina kiti, Mama,” Papa akasema.

Tate akakaa tena kwenye kigoda. Fundo la furushi lilikuwa limekauka kwa miaka, akalitumia meno. Vikatoka sufuria ndogo, blanketi, jembe lisilo na mpini, mbegu za maharage ndani ya soksi. Akavipanga chini kimoja kimoja. Akakikung’uta kile kitenge, maua ya njano yakaonekana mazima kwa mara ya kwanza, akakikunja mara nne na kukiweka mahali ambapo kiti kingekuwa.

“Twende,” akasema. “Lakini polepole. Mie si Muzungu.”

Mama alirudi jikoni kutazama sombe ambayo haikuungua. Na Tate hakuhamia Rubondo.

Sasa naishi Mbarara, kwenye kilima cha Kamukuzi, naandika karibu na dirisha. Pikipiki ile ilikufa zamani, na Tate amepumzika Misiera. Tangi liko kanisani. Kwaya ya watoto inalitikisa hadi leo, na vijiwe ni vya ziwani. Chini ya dirisha langu vijana wa siku hizi, nywele zimechongwa vizuri na simu shingoni, wanampelekea fundi sailensa nzima, mpya, aitoboe ili ilie kwa nguvu. Fundi Nestori angewatazama muda mrefu sana. Wanapita PAA! PAA! na barabara nzima haigeuki. Wauza ndizi wanaendelea kuchambua ndizi, watoto wanaendelea kuruka kamba. Nawacheka, nawalaumu, na moyoni nawaonea wivu.

Mimi nilizaliwa Nakivale. Sijawahi kusikia bunduki. Lakini jana mmoja wao alipita, na binti yangu akanikuta chini ya meza, goti moja sakafuni.

“Mama, umeangusha nini?”

“Kalamu,” nikasema. Naye, mtoto mwema, akapiga magoti tukaitafuta pamoja.