Safari ya Sindeni Iliyongoja Chanjo

Juzi nilimpeleka binti yangu kliniki kabla hatujasafiri, muuguzi akaniuliza, "Mnakokwenda hakuna surua?" Mwenzangu, swali lile lilinirudisha Korogwe tulikokuwa tukiishi, mwaka aliozaliwa mdogo wangu, surua ikaingia Sindeni.

Sindeni ndiko kwa bibi mzaa mama, na kila likizo tulikwenda. Ukishuka tu kwenye basi la Handeni unasikia kinu kabla hujaiona nyumba. Bibi alitwanga muhogo mkavu, akachekecha unga, na jioni tukala bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda uliotiririka mpaka kwenye viwiko. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa.

Mwaka ule hatukwenda. Muuguzi wa wakati ule alimwambia mama bila kuzunguka: "Huyu mtoto hajafika miezi tisa, hajachanjwa. Usimpeleke kwenye surua." Mama alirudi nyumbani akafungua mizigo aliyokwisha kuifunga.

Bibi naye miguu ilikuwa imeshamkataa, kupanda basi hakuweza. Alitupigia kwa simu ya jirani yake.

"Mleteni basi nimwone."

"Subiri achanjwe, mama."

"Nasubiri, mwanangu. Kwani nakwenda wapi?"

Simu ikakatika. Mama akaendelea kukuna nazi ambayo nyama yake ilikuwa imekwisha.

Habari ya msiba wa bibi ilikuja asubuhi moja. Haikuwa surua, ilikuwa presha. Mama alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, hajui amshushe au aende naye. Baba akasema taratibu, "Mwache." Akamwacha, akaenda mazikoni. Kutwa nzima nilimbeba mdogo wangu, nikimpa uji kwa kijiko, naye akiutema na kulia mpaka sauti ikamkauka. Nikalia naye. Ningefanya nini? Ziwa sikuwa nalo, na bibi wa kumkimbilia alikuwa anazikwa.

Alipochanjwa, na surua imetulia, tulikwenda. Jiko la bibi lilikuwa limeangushwa na mvua, mbigili zimeota palipokuwa na mafiga. Mama alimwinua mtoto juu kidogo, kama anayemwonyesha mtu, kisha akamshusha.

Leo yule mtoto ni baba wa watu, mzima wa afya. Sina wa kumlaumu. Muuguzi alisema kweli, na mama alitii. Lakini nikimsimulia habari za bibi, hunisikiliza kwa adabu tu, kama anayesikiliza habari za bibi wa mtu mwingine.