Ncha ya Pili ya Blanketi

Blanketi halikamuliwi na mtu mmoja. Huyu hushika ncha hii, mwenzake ile, kila mmoja akasokota kwa upande wake mpaka maji yaporomoke. Mama Povu na wifi yake walifua nguo za watu hivyo miaka na miaka, uani kwao, huku wakiwateta wenye nguo, mpaka siku kiharusi kilipomwangusha Mama Povu kando ya beseni.

Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito. Lakini kilichomkera si mkono, ni wifi. Siku hizi wifi alishika ncha yake kilegelege, na mablanketi yakaanikwa yakichuruzika.

"Taratibu, wifi yangu. Damu isije ikakupanda kichwani," wifi humwambia Mama Povu.

Mama Povu alinuna. Ukimhurumia dobi hivyo, si bora umwambie akae tu?

Basi alipoitwa kliniki apimwe jinsi damu inavyokwenda kwenye ubongo wakati wa zoezi kali, hakungoja kuambiwa mara mbili. Wifi akamsindikiza, roho mkononi.

Wakampandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, wakamfunga kichwani mkanda wenye vipimo viwili, kimoja kila upande. Daktari, binti mpole, akafungulia spika. Chumba kikajaa mvumo: shwaa, shwaa, shwaa.

"Nini hiyo?" wifi aliruka.

"Damu yake, mama. Inapita ndani ya ubongo."

Wifi alinywea. Daktari akamgeukia mgonjwa. "Haya mama, sasa kanyaga kwelikweli."

Mama Povu akakanyaga, jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Mvumo ukaenda mbio. Wifi alifumba macho akisubiri ukatike. Haukukatika.

"Nachoka hivi, na hata mlangoni sijafika!" Mama Povu alihema, wote wakacheka.

Daktari akawaonyesha mistari kwenye skrini. Upande ulioumia ulipata damu pungufu kuliko mwenzake, lakini ulipata, na presha haikuvuka mpaka.

"Kwa hiyo hata kukamua blanketi anaweza?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anaweza. Akichoka apumzike, na dawa asiruke hata siku moja."



Kesho yake walianza na blanketi nene la kitanda kikubwa. Mama Povu akashika ncha yake bila kujikaza, kwa kuwa alishazoea wifi kulegeza. Wifi akasokota kwa nguvu zake zote. Blanketi likamchomoka Mama Povu, maji yakamrukia usoni.

"Umelala, wifi?" wifi alimfokea.

Mama Povu alijipangusa macho. Kicheko cha furaha kikamtoka. Akaliokota blanketi, akakita miguu chini, akavuta mpaka wifi naye akapepesuka.