Siku Niliyomkamua Madoa Mbele ya Baba Mkwe

Naona mmeshaanza kucheka hata sijafungua mdomo, na ninajua anayewachekesha ni huyo Lazaro, jirani yangu, aliyekuwepo siku ile na ambaye miaka yote hii amekuwa akiisimulia huku akiongeza chumvi. Basi leo nitaisimulia mwenyewe. Aibu ni yangu, acheni niibebe mwenyewe. Ndiyo, ni kweli nilijifunga nguo ya mke wangu mbele ya Mjerumani. Ni kweli niliimba. Lakini hamjui nilifikaje huko, na ukweli ni kwamba nilifika kwa sababu ya jambo dogo sana, la kunyoosha mkono.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, kabla ya vita, wakati ambapo huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru mtu akisikia tu neno boma, anaanza kutafuta pa kujificha. Sasa wale wazungu wa boma la Arusha walikuwa wanapenda siagi kupita kiasi, na siagi waliyokuwa wakiletewa kutoka mbali ilikuwa inafika imeyeyuka na kunuka, kwa hiyo wakaona wafundishe watu wa hapa kutunza maziwa vizuri. Wakatuletea Mwalimu Simeoni, Mchaga mpole aliyejifunzia kazi hiyo kwenye shamba la mzungu mmoja huko Kilimanjaro, na wakatuletea mashine ya kutenga malai, yaani mafuta ya maziwa, ile unayozungusha mkono wake mpaka bega linauma, malai yanatokea huku na maziwa yaliyobaki yanatokea kule. Tuliiweka kwenye kibanda karibu na mfereji.

Mangi, mtawala wetu, akatangaza: wenye ng'ombe wote waje kujifunza. Na kwetu mwenye ng'ombe ni nani? Ni mwanamume. Anayemkamua ni mwanamke, anayemkatia majani ni mwanamke, anayezoa samadi na kuipeleka kwenye migomba ni mwanamke, lakini mwenye ng'ombe ni mimi (msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengine wenu ndivyo ilivyo mpaka leo). Basi tukaenda wanaume watupu, tukakaa kwenye nyasi, Simeoni akatufundisha kunawa mikono, kuosha kiwele kwa maji ya moto, kuchuja maziwa kwa kitambaa kilichochemshwa na kuyapoza kwenye maji ya mfereji. Mimi nilikuwa mwepesi wa kushika maneno. Akiuliza, najibu. Jioni nikirudi nyumbani nakaa karibu na moto, namweleza mke wangu Ndeshi yote, naye ananisikiliza huku anamenya ndizi, na asubuhi anayafanya.

Na mambo yakaenda vizuri jamani! Siagi yetu ikawa safi, boma wakainunua, na kwa mara ya kwanza tulilipa kodi ya nyumba bila mimi kwenda kulimia kahawa ya walowezi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekaa huko mpaka mwanangu mdogo akanisahau uso. Kwa hiyo mashine ile kwetu ilikuwa kitu kikubwa.

Ndipo tukaambiwa anakuja Bwana Mkaguzi, Mjerumani kutoka Moshi, kuangalia kama mafunzo yameingia au ni kupoteza wakati. Yakionekana hayajaingia, mashine itabebwa kwa punda na kupelekwa kwa watu wengine, na Simeoni atafukuzwa kazi. Simeoni mwenyewe alitueleza hayo sauti ikimtetemeka.

Siku yenyewe ilipofika, watu walijaa kama siku ya arusi. Kwa kuwa uwanja wangu ni mpana, ukaguzi ukafanyika kwangu, na wazee wakaketi mbele, miongoni mwao baba yake Ndeshi, baba mkwe wangu, mzee mkali ambaye mimi nilikuwa bado namwamkia huku nimeinamisha kichwa na kusogea pembeni ya njia. Wanawake walisimama nyuma kwenye migomba. Bwana Mkaguzi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe na buti zilizong'aa mpaka unajiona uso, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, safi kuliko changu. Akaanza kuuliza maswali. Maziwa yanachujwaje? Nikajibu. Kwa nini yanapozwa? Nikajibu. Kiwele kinaoshwa kwa nini? Nikajibu hata kabla hajamaliza, Simeoni akawa ananitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeanza kutembea.

Bwana Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Maneno mazuri. Sasa nani atanionyesha kwa vitendo?"

Wenzangu wote wakatazama chini. Hapo ndipo ningesema tu, bwana, kwetu wanaokamua ni wanawake, tuwaite. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini nilimwona baba mkwe amenigeukia, na sifa zilikuwa zimeshanipanda kichwani, nikajiambia kukamua ni kuvuta tu chuchu, nimeona kila siku tangu nizaliwe. Nikanyoosha mkono.

Akaletwa Madoa, ng'ombe wetu. Nikachukua kigoda, nikaketi. Nyuma kwenye migomba nikasikia wanawake wameguna wote kwa pamoja, maana nilikuwa nimeketi upande ambao Madoa hajazoea kuguswa. Nikanawa mikono (hilo nalijua), nikaosha kiwele (hilo pia nalijua), nikashika chuchu, nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta kwa nguvu. Madoa akanirushia teke, kigoda kikaenda kwake na mimi kwangu, nikaanguka chali kwenye samadi.

Watu wakacheka. Nikainuka, nikasema kwa sauti kubwa, "Leo ana hasira kwa sababu ya wageni," na Bwana Mkaguzi akasema kwa upole, "Basi jaribu tena." Nikahamia upande wa pili. Safari hii akanipiga na mkia usoni, mkia wenyewe mnajua unavyokuwa.

Ndeshi akashindwa kuvumilia. "Baba Eliya!" akaniita kutoka kwenye migomba. "Hakujui! Ngoja nije nimkamue."

"Hapana," akasema Bwana Mkaguzi. "Nimekuja kumwona aliyefundishwa."

Basi Ndeshi akavua ile nguo aliyokuwa amejitanda mabegani, ile anayokamulia kila siku, akanirushia. "Jifunge hiyo. Akisikia harufu yangu atatulia."

Ningefanya nini? Mashine iko pale kibandani, punda wako barabarani. Nikajifunga. Na Madoa kweli akatulia, akanusa ile nguo, akaanza kucheua, lakini maziwa hakuachia. "Mwimbie!" akasema Ndeshi. Na mara akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana alikumbuka wimbo wenyewe.

Wimbo ule alikuwa ameutunga mwenyewe kwa Kimeru, na mimi nilikuwa nausikia kila alfajiri nikiwa kitandani, sikuwa nimewahi kuyafikiria maneno yake. Nikafumba macho nikaimba, kwa sauti nyembamba kama ya kwake, kwa sababu nilidhani bila sauti hiyo Madoa hatakubali. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Madoa wangu, teremsha maziwa,*
*mvivu wangu bado amelala,*
*anakoroma kama fisi aliyeshiba,*
*tukimaliza tutamwamsha ale.*

Nilipofika kwa fisi nikaanza kuelewa ninachoimba. Lakini ndugu zangu, maziwa yalikuwa yameanza kutoka! Ningenyamaza yangekatika. Nikaendelea kuimba, nimejifunga nguo ya mwanamke, samadi mgongoni, nikijitukana mbele ya kijiji kizima. Lazaro alikuwa ameshalala chini kwa kicheko. Nikafumbua jicho moja nikamwona baba mkwe amejifunika uso kwa shuka, mabega yakimtikisika, na sikujua kama ni kilio. Bwana Mkaguzi akamwuliza Simeoni, "Anaimba nini?" na maskini Simeoni, ambaye uongo hauwezi na Kimeru alikuwa ameshakijua, akamtafsiria mstari baada ya mstari.

Hapo ndama naye akasikia maziwa yanatoka, akakata kamba, akaja mbio kwa mama yake akapita katikati ya miguu yangu. Mimi nikaenda huku, ndoo ikaenda kule, na yale maziwa yote yakamwagika kwenye buti za Bwana Mkaguzi.

Kicheko kikakatika kama moto uliomwagiwa maji. Askari aliyekuja naye akasogea, mkono kwenye kiboko chake, na mimi nikabaki nimepiga magoti nikijua kwamba sasa nimekwisha, na Simeoni amekwisha, na mwakani nitarudi kwenye kahawa ya watu.

Bwana Mkaguzi akatazama buti zake. Akamwashiria askari arudi nyuma. Akaniuliza, "Nyumbani kwako nani anakamua?"

"Mke wangu, bwana."

Akamgeukia Lazaro. "Na kwako?"

"Mke wangu, bwana." Akamwuliza mwingine, na mwingine, na wote wakajibu hivyo hivyo kwa sauti zilizozidi kuwa ndogo.

Wakati huo Ndeshi alikuwa ameshatoka kwenye migomba bila kuitwa. Akamfunga ndama, akachemsha maji, akaosha ndoo, akaosha mikono, akaosha kiwele, akakamua, akachuja, akakitia kile chombo cha maziwa kwenye maji ya mfereji. Alipomaliza Bwana Mkaguzi akamwuliza, "Wewe nani amekufundisha?"

"Huyu," akasema, akinionyesha mimi niliyekuwa najikung'uta samadi. "Kila jioni ananieleza. Mengine anayakosea, nayatengeneza mwenyewe."

"Kwa nini hukuja kwenye mafunzo?"

"Walitangaza waje wenye ng'ombe. Mimi sina ng'ombe, nina kazi ya ng'ombe tu. Na hata ningeitwa, wanafundisha saa ambayo tuko kukata majani. Watuite baada ya hapo, tutakuja. Tuna maswali mengi ambayo huyu hawezi kuyajibu."

Wanawake nyuma wakaitikia kwa nguvu, na mimi nikamtazama mke wangu nikaona kwamba sikuwahi kumsikia akiongea mbele za watu, na kwamba anaongea vizuri kuliko mimi. Aibu ilikuwepo, siwadanganyi, lakini ilichanganyika na kitu kingine, nilitaka kumwambia mtu aliye karibu yangu, yule ni wangu.

Bwana Mkaguzi hakuwa malaika, alitaka siagi yake. Lakini alifikiri kidogo, akamwambia Simeoni, "Mafunzo yameingia. Yamepitia dirishani tu. Kuanzia sasa wafundishe wanaokamua." Mashine ikabaki, Simeoni akabaki, na baba mkwe aliponyanyuka nilimwona macho yamejaa machozi ya kicheko, akanishika bega kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Wiki iliyofuata wanawake walijaa kwenye nyasi zile, na sisi waume tukabaki na watoto mgongoni, tukiwabembeleza vibaya.

Tangu hapo niliweka nadhiri kwamba sitaijibia kazi ya Ndeshi mbele ya mtu yeyote, na nimeishika. Bwana Mkaguzi aliporudi mwaka uliofuata, alipita moja kwa moja kwa wanawake, akawauliza wao, akaonja siagi yao, akasifu. Akaniona nimesimama kando, nadhani hakunikumbuka kwa jinsi nilivyokuwa msafi, akaniuliza, "Na wewe kazi yako hapa ni nini?"

Nikavua kofia. "Mimi, bwana, ni mume wa Ndeshi."