Uso wa Mwalimu Siku ya Imla

Kaka yangu amefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita. Akikasirika anakunja uso. Akiwaza, anakunja uso. Akiogopa, vilevile. Mungu alimpa uso mmoja kwa kazi zote.

Mkewe, wifi yangu, tunafua naye mashuka ya hospitali. Shuka likilowa si mchezo, na mgongo wake umeshachoka. Daktari alimwambia waziwazi: akiendelea kunyanyua, hatatembea. Kazi nyepesi ilikuwa moja tu, ukarani wa stoo ya mashuka, na ili aipate ilikuwa lazima afaulu imla ya Kiingereza.

Basi kila jioni wakawa mezani, nami nakaa pembeni natazama vita. Kiingereza nacho kina vituko. Jua linalokausha nguo na mtoto wa kiume, sauti ile ile. Unga na ua, sauti ile ile. Wiki na dhaifu, hivyo hivyo. Sikio halikusaidii kitu. Ujue maana kwanza, ndipo uchague herufi. Wifi anaandika, anainua macho, anakuta uso umekunjwa, anafuta.

"Mwalimu, si useme tu?"

"Nikisema utajifunza nini?"

Miezi mitatu hivyo. Mwishowe wifi alikuwa anausoma uso kuliko daftari, na mimi nilikuwa nacheka. Naona haya kwamba nilicheka.

Hospitali haikuwa na msomaji mwingine wa imla, ikamwita kaka. Msimamizi akamwonya mbele yetu: "Mwalimu, tunajua ni mkeo. Kila sentensi mara mbili, basi. Ukiongeza hata neno, namfutia mtihani." Mimi nilijiandikisha kumsindikiza tu, nikakaa dawati la pembeni yake.

Sentensi ya nne ilisema mgonjwa alikuwa dhaifu wiki nzima. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini maneno hayo mawili niliyasikia pale mezani mpaka nikayaota. Wifi aliyaandika sawasawa, kila moja na herufi zake. Kisha akainua macho.

Kaka alikuwa anamtazama, jasho linamtiririka shingoni, uso umekunjwa kwa hofu. Kutoka kule mbele haoni hata herufi moja. Wifi akayakata yote mawili, akayabadilisha. Sentensi ya tano, tena. Ya saba, tena. Nilitaka kupiga kelele. Nikikohoa tu, itaonekana ni ishara, naye amekwisha. Nikauma mdomo, nikatazama kalamu yake ikikata.

Kaka alisahihisha palepale, msimamizi akiwa begani kwake. Neno lililokatwa halihesabiwi, na ukipita makosa matatu umeanguka. Alipofika kwenye karatasi ya mkewe, kalamu nyekundu ilisimama muda mrefu juu ya maneno yaliyokatwa. Matokeo yalikuwa ya kutangazwa Jumatatu, na kabla ya hapo haruhusiwi kusema neno.

Tulirudi kwa miguu sote watatu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, wifi alikuwa anaongea bila kushika kiuno.

"Mwalimu, leo nimekusamehe yote. Kila nilipokosea, uso wako uliniambia. Bila wewe ningeanguka."

"Uliandika vizuri, mama watoto," kaka akasema, akageuzia uso pembeni.

Wifi akanipiga kofi la bega. "Umesikia? Jumatatu, wifi, utakuja stoo kupiga hodi, mimi nitakupa mashuka nikiwa nimekaa kwenye kiti."